Nilitoka kiwandani nikaingia halmashauri: jibu langu kuhusu mameneja wa biashara serikalini

Mkuu, umeuliza kwa nini Serikali isichukue mameneja waliong'ara kwenye makampuni ikawakabidhi halmashauri waziendeshe kibiashara. Nimekaa pande zote mbili. Miaka 11 nilisimamia stoo ya kiwanda cha chai Mufindi, kisha nikaingia kitengo cha ugavi kwenye halmashauri moja ya hukuhuku Nyanda za Juu Kusini. Niliingia na kiburi, sifichi.

Kiwandani beringi ikifa asubuhi, unapiga simu Makambako au Mbeya, mzigo unapakiwa kwenye basi, jioni fundi anafunga. Karatasi zitafuata. Mwezi wangu wa pili halmashauri, gari la wagonjwa la kituo cha afya kimoja cha milimani likaua klachi. Nikafanya yaleyale: gereji ninayoijua, siku hiyohiyo, gari likarudi kazini. Nilisifiwa hadi mkaguzi alipokuja. Hakuna ukaguzi wa gari kabla ya matengenezo wala baada, hakuna bei za kushindanisha, na fedha zimetoka kasma (fungu la bajeti) isiyohusika. Hoja ya ukaguzi! Mkurugenzi ndiye Afisa Masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha za halmashauri, kwa hiyo yeye ndiye aliyekwenda kuijibu, si mimi.

Karani wangu wa stoo, mzee aliyekaribia kustaafu, akaniambia, "Bosi, kule mlikuwa mnatumia hela ya mwenye kiwanda, na mwenyewe yupo. Hapa mwenye hela ni mama anayeuza viazi pale njia panda, na hawezi kuja kutuuliza. Ndiyo maana ameachiwa karatasi imuulizie."

Sijapata semina iliyonifundisha kuliko maneno hayo.

Wala nchi hii si mara ya kwanza kujaribu. Mpango wa Madaraka Mikoani wa 1972 ulipangwa kwa ushauri wa McKinsey, kampuni ya Marekani inayoshauri mashirika ya biashara. Halmashauri za wilaya zikafutwa, kazi zikahamia kwa maofisa wa mkoa na wilaya, na ilibidi zitungwe sheria za 1982 ili serikali za mitaa zirudi. Uamuzi ulikuwa wa wanasiasa, tusiwatwishe washauri mzigo wote. Mwaka 2002 TANESCO, shirika la umeme, ikakabidhiwa menejimenti ya kampuni ya NETGroup kutoka Afrika Kusini. Makusanyo yalipanda kweli, hata taasisi za Serikali zenye madeni zilikatiwa umeme. Lakini ukame ulipokausha mabwawa, mgao wa 2006 ulitukuta palepale. Kudai bili meneja anaweza. Mtambo mpya wa kufua umeme unataka mtaji na maamuzi ambayo hayako mezani kwake.

Kitu kingine wasichokijua wenzetu wa kampuni: kampuni ikiona duka la kijiji fulani halilipi, inalifunga. Zahanati ya kijiji chenye kaya chache, barabara haipitiki masika, huifungi. Unapeleka dawa hivyohivyo kwa hasara, na ndiyo kazi yenyewe.

Sasa usinielewe vibaya, ujuzi wa kiwandani ulinifaa. Stoo ya dawa niliipanga upya kama tulivyopanga chai: kinachokaribia kuisha muda kinakaa mbele, kinatoka kwanza, na kila rafu ina kadi yake. Haikuhitaji dokezo wala kikao, na boksi za kuteketezwa zilipungua.

Kuhusu magari, nilichukua njia ya yule mzee wa stoo: karatasi kwanza. Julai, mwaka wa fedha unapoanza, tukashindanisha gereji mapema, bei za vipuri na ufundi zikakubaliwa kwenye mkataba, na fomu za ukaguzi zikawekwa tayari kwenye faili la kila gari. Mwaka huohuo klachi ya gari lilelile ikafa tena (barabara zetu mnazijua). Siku ya tatu lilikuwa limepanda mlima na mgonjwa, na mkaguzi alipofungua faili akakuta kila karatasi aliyoitaka.