Mark X 2.5 au Benz C200: kwa nini moja inajibu haraka

Mkuu, umeuliza mbona Benz C200 (toleo la W204) ya 1.8 turbo ina farasi 184 na Toyota Mark X 2.5 ina 203, tofauti kiduchu, ila ukikanyaga mafuta Benz inasita kwanza. Hiyo ni turbo boss, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa eksozi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini. Ukiwa rpm ya chini (mizunguko ya injini kwa dakika) moshi wa eksozi bado hautoshi kuizungusha vizuri, ikishashika ndo unaona gari inakusukuma mgongo. Mark X ni V6 (injini ya silinda sita) haina turbo, inajibu mguu papo hapo, ila moto wake wote uko juu huko kwenye rpm kubwa, lazima uikamue.

Mi kwa foleni za Dar nachukua V6 bila kufikiria, zile simama-nenda mguu wako na injini vinaelewana. Ila kama unapiga sana Dar–Arusha, Benz tamu kuovateki malori maana toki rpm 1,800 hivi ishaamka yote, weka gia kwenye S (spoti) tu usiiache kwenye E (ya kubana mafuta). Na ukienda kuijaribu washa AC, simama kabisa kwenye mlima halafu kanyaga. Ikisita sana hapo usilaumu turbo tu, angalia na plagi na mipira ya hewa kama haivuji.