Kobe wachanga wa Isimani waliohamia Mafinga

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu alipokuwa akipalilia mtama huko Isimani aliwakuta kobe wanne wachanga wakichomoza ardhini, wenye magamba ya njano yenye mabaka meusi, akaniletea hapa Mafinga. Nimewaweka katika boksi lenye udongo wenye unyevu na kuwapa nyungunyungu, kama nilivyosoma kwenye intaneti katika maelekezo ya Wamarekani, lakini hawali. Mmoja ana uvimbe wa njano tumboni, na mama mkwe anashauri ukatwe. Nifanyeje? – Msomaji, Mafinga.

JIBU: Ndugu msomaji, uvimbe huo usikatwe wala kuminywa. Ni mabaki ya kiini cha yai ambayo mwili wa kobe huyafyonza polepole baada ya kuanguliwa, na ndiyo chakula chake cha siku za mwanzo. Kwa hiyo kutokula kwake sasa si ugonjwa. Mtoe kwenye udongo, mlaze peke yake juu ya kitambaa safi chenye unyevu kidogo, usimshikeshike, na uvimbe utaingia ndani wenyewe. Ukiona unatoa harufu au umepasuka, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa.

Maelekezo uliyoyasoma si ya uongo, ila yanamhusu kobe mwingine. Marekani kuna kobe wadogo ambao gamba lao la tumboni lina bawaba, hata wanaweza kujifungia kabisa ndani, na watoto wao hujificha kwenye majani yaliyooza na hupenda sana wadudu na nyungunyungu. Wako, kwa jinsi ulivyowaeleza, ni kobe wa nyika, ambaye wataalamu humwita Stigmochelys pardalis, na huyo ni mla majani tangu utotoni. Mpe ukoka mbichi, matembele na majani mengine laini yasiyopuliziwa dawa, yakatwekatwe vipande vidogo. Nyunyizia unga wa maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa, ili gamba lipate madini ya kulikomaza. Ugali, mkate na maziwa havimfai.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni Mafinga yenyewe. Kobe hatengenezi joto lake mwilini, na asipopata joto la kutosha chakula hakisagiki tumboni hata akila. Isimani ni nyanda kavu zenye joto, ilhali Mafinga iko juu sana na ukungu wa masika hukaa hadi saa nne asubuhi. Waanike kwenye jua la moja kwa moja, si la kupitia dirishani, kwa sababu kioo huzuia miale inayousaidia mwili kutengeneza vitamini D. Lakini nusu ya boksi iwe na kivuli, kwani kobe mdogo kiasi hiki anaweza kufa kwa joto kali ndani ya muda mfupi. Usiku boksi likae chumba chenye joto, mbali na moshi wa jiko, na lifunikwe kwa wavu. (Siafu hawabishi hodi.) Kila asubuhi waweke kwa dakika kama 15 katika sahani ya maji ya uvuguvugu yasiyofika shingoni, wanywe, kisha uwakaushe. Watoto wanaowashika wanawe mikono kwa sabuni, maana kobe hubeba vimelea vya salmonela bila yeye mwenyewe kuugua.

Hata hivyo, yote haya ni ya muda tu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kufuga mnyamapori bila kibali, na kobe wako ni mnyamapori hata kama aliokotwa shambani kwenu. Toa taarifa mapema kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, ukimweleza walipookotwa, naye atakuelekeza namna ya kuwarejesha. Usihofu kwamba hawana mama wa kuwalea: kobe jike hufukia mayai akaondoka, na watoto hujitegemea tangu siku wanapotoka ardhini. Ukiruhusiwa kuwarudisha mwenyewe, mngojee yule mwenye uvimbe hadi kitovu chake kifunge, kisha uwapeleke Isimani asubuhi yenye jua, karibu na palepale walipookotwa lakini nje ya shamba linalolimwa, na kila mmoja umwachie chini ya kichaka chake.