ACL (kano ya ndani ya goti) imekatika, sasa kano mpya watoe wapi? Mimi nilichagua hivi

Goti langu liliondoka kwenye ndondo, wala sikuguswa na mtu, niligeuka tu huku mguu umebaki chini nikasikia "paa!" na jioni likawa limevimba hata suruali haipiti. Kipimo cha picha cha MRI kikaonyesha ACL imekatika yote. Nikajua ni operesheni basi, kumbe daktari ananigeuzia swali, kano ya kuweka humo tuitoe wapi kwenye mwili wako? Sikuwa na jibu, ndo maana naandika hapa ili wewe usiende mikono mitupu.

Ya kwanza ni ile kano ya chini ya pia ya goti, inakatwa pamoja na vipande vya mfupa huku na huku, kwahiyo inashika mapema maana ni mfupa unaungana na mfupa, na wanasoka wa kulipwa wengi wanawekewa hiyo. Ila kupiga magoti inaweza kukuuma muda mrefu sana. Na mimi naswali jamani, faradhi peke yake ni rakaa 17 kwa siku, kila rakaa sujudi mbili, hizo ni sujudi 34 bado sunna hujaweka. Rafiki yangu fundi tailizi aliwekewa hiyo na hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani, leo hatoki nyumbani bila pedi za magoti. Hilo liliniuma kweli.

Mimi nikachukua za nyuma ya paja. Ni kano mbili nyembamba, wanazikunja zinakuwa nene, lakini muulize daktari akizikuta nyembamba atafanyaje, maana chini ya milimita 8 uwezekano wa kukatika tena unaongezeka. Pia zinachelewa kushika kwenye mfupa, na kama wewe ni mtu wa mbio za kasi msuli wa nyuma utaudai sana. Kuna ya juu ya pia ya goti, nene na nzuri, ila hakikisha daktari wako anaifanya mara kwa mara, mimi wangu aliniambia wazi hajaizoea na nilimheshimu kwa hilo. Ya marehemu aliyejitolea, kama una miaka 20 na unarudi uwanjani, achana nayo, kwa vijana wanaocheza inakatika zaidi.

Halafu fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya tiba!! Mwezi wa nne baada ya operesheni nilikuwa najisikia mzima kabisa, nataka mpira, fizio akanikatalia katakata, ndani kano bado changa hata kama nje huumwi. Kabla ya miezi 9 usicheze, na hata ikifika pimwa kwanza nguvu za miguu yote miwili.

Sasa nina mwezi wa 14. Sujudi naenda vizuri, kuvuta kisigino mpaka kigusane na tako bado msuli unakaza, na kuna sehemu ya ngozi pembeni ya kovu ina ganzi mpaka leo.