Mhanga wa ukurasa wa kwanza: maswali yenu kuhusu Malcolm X na elimu

Wiki mbili zilizopita niligusia hapa jinsi Malcolm X, mpigania haki za watu weusi wa Marekani, alivyojisomea gerezani. Nilidhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua ni nyingi, nimechagua chache, na nyingine nimezifupisha.

*Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko kidato cha tatu. Amesoma makala yako, sasa anasema shule si lazima, kwani Malcolm X aliishia darasa la nane na dunia nzima inamjua. Nimjibu nini? (Mama wa Morogoro)*

Marahaba, mama. Mwambie kijana amalizie hadithi, maana amesimama pale panapomfaa. Na lawama nyingine ni yangu, niliandika kwa shauku nikaruka sehemu inayouma.

Malcolm hakuichoka shule. Alisoma Mason, mji mdogo wa jimbo la Michigan, mtoto mweusi katikati ya weupe. Baba alishafariki, mama alikuwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, yeye analelewa na watu baki. Pamoja na hayo alikuwa miongoni mwa wanaoongoza kwa alama, na wenzake wakamchagua awe kiongozi wa darasa. Siku moja mwalimu wake wa Kiingereza akamuuliza angependa kuwa nani. Akajibu: mwanasheria. Mwalimu, kwa neno la matusi ambalo sitaliandika hapa, akamwambia mtu mweusi lazima aukubali ukweli, hilo halimfai. Mikono yake ni mizuri, kwa nini asiwe seremala? Kilichomkera zaidi ni kwamba weupe aliowazidi darasani waliambiwa na mwalimu huyohuyo wafuate walichokitamani.

Tangu hapo moyo wake ulitoka shuleni kabla ya miguu. Alipomaliza darasa la nane alihamia Boston kwa dada yake Ella. Kilichofuata si cha kumsimulia mtoto kwa fahari: kung'arisha viatu, bangi, kamari, wizi wa majumbani, na mwaka 1946, akiwa na miaka 20, kifungo cha miaka minane hadi kumi.

Sasa kipande ambacho kijana wako hakukiona kwa sababu sikukiandika. Karibu na mwisho wa maisha yake, tayari anaalikwa vyuo vikuu kuhutubia, Malcolm alisema upungufu wake mkubwa ni kukosa elimu ya darasani aliyoitamani, na kwamba asingeona haya kurudi kusoma alipoachia. Kiarabu alishaanza kujifunza, Kichina alikuwa anakitaka. Kijana akipenda kumfuata, amfuate mpaka hapo.

*Mwalimu, nami nikinakili kamusi nzima nitakijua Kiingereza? (Mwanafunzi wa chuo, Kisumu)*

Swali lako limenichekesha, lakini ni zuri, kwa sababu watu husimulia habari ya kamusi kama muujiza. Haikuwa muujiza. Ilianza na aibu.

Kwanza alikutana gerezani na mfungwa mwenzake, Bembry, aliyezungumza na watu, hata askari, wakanyamaza kumsikiliza. Hakuwa na ngumi wala kisu, alikuwa na maneno. Huyo ndiye aliyemwelekeza kwenye maktaba na masomo kwa njia ya posta. Baadaye ndugu zake Malcolm wakamvuta kwenye Nation of Islam, kundi la dini la Wamarekani weusi, akataka kumwandikia barua kiongozi wake, Elijah Muhammad. Hapo akakwama. Mtaani alikuwa fundi wa maneno, kwenye karatasi bubu. Akichukua kitabu, kila sentensi ina neno asilolijua, anaruka, anafika mwisho hajui kilichosemwa.

Akiwa gereza la Norfolk, Massachusetts, aliomba kamusi, madaftari na penseli. Ukurasa wa kwanza aliunakili wote, hadi nukta na mkato, ukamla siku nzima. Kisha akajisomea kwa sauti yale aliyoyaandika. Kesho yake akashangaa kwamba anayakumbuka. Neno lililomganda zaidi lilikuwa jina la mnyama wa Afrika, mwenye masikio marefu, achimbaye mashimo na kula mchwa. Sisi tunamwita mhanga. Nimeipenda bahati hiyo: mjukuu wa watumwa yuko chumbani Massachusetts, na kiumbe wa kwanza kumkaa kichwani ametoka kwenye mapori yetu.

Angalia basi alifanya mambo mangapi. Aliandika kwa mkono, akasoma kwa sauti, akarudia kesho yake, akayatafuta maneno yaleyale vitabuni, halafu akayapeleka kwenye midahalo ya wafungwa. Taa zilizimwa saa nne usiku, yeye akaendelea kwa mwanga hafifu wa ukumbini uliopenya mlangoni. Askari walipita kila baada ya saa moja. Akisikia hatua anaruka kitandani kujifanya kalala, wakipita anashuka sakafuni kwa dakika nyingine 58. Hivyo mpaka saa tisa au saa kumi za usiku. Miwani unayoiona kwenye picha zake ilitokana na mwanga ule.

Kwa hiyo nakili, mwanangu, hata kurasa kumi. Ila kama huna barua unayotaka kuiandika, utaambulia mwandiko mzuri na kidole kinachouma.

*Alisoma chuo kikuu gani hasa? (Msomaji, Tanga)*

Mwandishi mmoja alimpigia simu kutoka London akamuuliza hilohilo. Akajibu: vitabu.

*Ukutani kwetu tumeandika maneno ya Malcolm X kwamba elimu ni pasipoti ya kesho. Kuna mwalimu anasema hakuyasema yeye. Nani mkweli? (Mwalimu wa taaluma, Tabora)*

Aliyasema. Ni tarehe 28 Juni 1964, ukumbi wa Audubon, New York, siku alipotangaza umoja wake mpya wa Waafrika-Wamarekani, ulioigiza jina na mfano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliozaliwa Addis Ababa mwaka uliotangulia. Alisema elimu ni pasipoti yetu ya kwenda kesho, kwa kuwa kesho ni ya watu wanaojiandaa leo.

Lakini ukuta wenu umekata sentensi mbili upande mmoja na madai mazima upande wa pili. Kabla ya hapo alisema elimu ni kipengele muhimu katika kupigania haki za binadamu, na ni njia ya watoto wetu kugundua upya wao ni akina nani ili wajiheshimu. Baada ya hapo akaingia kwenye hesabu. Bodi ya elimu ya New York ilikuwa na mpango wa kuchanganya weusi na weupe shuleni, ambao ungeziacha asilimia 10 ya shule za mitaa ya weusi katika hali mbaya ileile. Malcolm akasema: hizo asilimia 10 tupeni sisi. Wakuu wa shule wetu, walimu wetu, vitabu tuandike wenyewe. Mkikataa, wazazi watawatoa watoto. Hakuwa anatisha kwa maneno matupu. Februari mwaka huohuo zaidi ya wanafunzi 400,000 wa mji ule walikuwa wamegoma kwenda shule kwa siku moja kupinga ubaguzi.

Kuhusu vitabu alikuwa na kidonda chake. Kule Mason, historia yote ya watu weusi katika kitabu cha darasa ilikuwa aya moja. Aya moja! Mwalimu aliisoma kwa pumzi moja huku akicheka, akaongeza na mzaha kuhusu ukubwa wa nyayo za watu weusi. Mkipaka rangi upya, nafasi ikiwepo, ongezeni ile sentensi ya kujijua. Bila hiyo, pasipoti inasomeka kama tangazo la shule binafsi.

*Salamu kutoka Bukavu. Nasikia alizungumza sana juu ya Kongo yetu. Hayo yanaingia wapi kwenye elimu? (Msomaji, Kivu Kusini)*

Yanaingia moja kwa moja, ndugu yangu. Siku ileile ya Audubon alimtaja Lumumba kuwa mtu mweusi mkubwa kuliko wote waliopata kutembea barani Afrika. Na mwishoni mwa 1964, baada ya askari wa Ubelgiji kushushwa Stanleyville, Kisangani ya leo, kwa ndege za Marekani, kuwaokoa weupe walioshikwa mateka na waasi, aliigeuza Kongo kuwa somo la kusoma gazeti. Aliwauliza wasikilizaji wa Harlem, mtaa wa weusi wa New York: kwa nini mateka weupe wana majina na sura, ila wanakijiji wanaopigwa mabomu hawana hata idadi? Kwa nini mamluki wanapewa maneno laini?

Tarehe za mwisho za Desemba mwaka huo walimjia vijana 37 kutoka McComb, Mississippi, waliokuwa kwenye mapambano ya haki za kiraia. Hakuwapa hotuba ya kishujaa. Aliwaambia jambo la kwanza la kujifunza ni kujionea wenyewe, kujisikilizia wenyewe na kujifikiria wenyewe. Mtu anayeishi kwa kuambiwa atakuwa anakwenda magharibi huku akidhani anakwenda mashariki. Ukiniuliza falsafa yake ya elimu iko wapi, nitakuonyesha hapo kabla ya kwenye kamusi.

Na aliyasema akijua gharama. Miaka 12 alikuwa amehubiri aliyoambiwa na Elijah Muhammad, pamoja na hadithi ya watu weupe kutengenezwa na mwanasayansi mwovu. Siku mbili kabla ya kuuawa, Februari 1965, alimweleza mpiga picha Gordon Parks kwamba wakati ule alikuwa kama msukule, anaelekezwa upande na kuamriwa atembee.

*Je, wasichana walikuwamo katika elimu yake? (Mama wa mabinti watatu, Minneapolis)*

Mwanzoni, kwa shingo upande. Katika Nation of Islam wanawake walikuwa na darasa lao: kupika, kushona, kutunza nyumba na mume. Alipotembea Afrika na Mashariki ya Kati alibadilika. Desemba 1964 alisema redioni kwamba nchi inayoendelea utamkuta mwanamke wake ameendelea. Hakuishi kuyafanyia kazi sana. Mkewe, Betty Shabazz, ndiye aliyeyatenda: mjane mwenye mabinti sita, akarudi darasani, na mwaka 1975 akapata shahada ya uzamivu katika elimu.

*Mwalimu, kijiweni tunabishana. Mimi nasema Malcolm na Nyerere walifundisha kitu kimoja kuhusu elimu. Na je, walikutana? Mwenzangu anasema Malcolm alifika Tanganyika, mimi nasema Tanzania. (Mstaafu, Dodoma)*

Shikamoo mzee wangu. Walifanana katika kitu kimoja kikubwa: wote waliona shule waliyoikuta ilijengwa kumtumikia mwingine. Ila mlango wa kuingilia ulikuwa tofauti kabisa.

Nyerere alipoandika *Elimu ya Kujitegemea* mwaka 1967, kiasi cha asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi ndio waliokuwa wakipata nafasi ya sekondari. Aliogopa shule inayowafanya hao wachache wadharau jembe la baba zao na wale wengine wajione wameshindwa. Kwa hiyo akataka shule iwe na shamba, na kazi ya mikono iheshimiwe. Malcolm, mikono ndiyo aliyofungiwa nayo. Kwake useremala haukuwa fani, ulikuwa ukuta. Mwambie mtoto wa Harlem wa 1964 ashike jembe, atakuuliza kalamu mmempa nani. Nyerere naye alikuwa na dola mkononi, angeweza kutoa agizo likafika kila wilaya. Malcolm alikuwa na ukumbi wa kukodi na madarasa ya Jumamosi. Hivyo sikupi ushindi wote.

Kukutana walikutana, Dar es Salaam, Oktoba 1964. Nchi ilikuwa inaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na jina la Tanzania lilipitishwa tarehe 29 ya mwezi huohuo, mgeni ameshaondoka. Kahawa ya leo mlipe nusu kwa nusu.