Shangazi, somo la chuo limeniharibia swala

"Shikamoo Shangazi. Nasoma saikolojia, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba dini inatokana na jinsi akili ya binadamu inavyofanya kazi: tunahisi yupo mtu hata pasipo na mtu. Sasa nikisujudu nahisi nagusa mswala tu. Baba alifariki kwa presha mwezi Machi. Mama yuko Tanga, kila alfajiri ananipigia: 'Umeshaswali?' Namjibu nimeshaswali, kumbe uongo. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako hajakudanganya. Ukisikia mchakacho kichakani usiku, unadhani ni mtu au mnyama kabla hujadhani ni upepo. Aliyekimbia upepo alichoka bure. Aliyempuuza chui hakuacha wajukuu. Mwanaanthropolojia Stewart Guthrie aliandika mwaka 1993 kwamba dini imeota kwenye tabia hiyo ya kuona nafsi kila mahali, na mwanasaikolojia Justin Barrett akaliendeleza wazo hilo. Ila sijui kama uliambiwa kwamba Barrett ni Mkristo, tena hafichi.

Kujua imani imeingiaje kichwani hakukwambii kama ni ya kweli au ya uongo. William James, mwanasaikolojia na mwanafalsafa wa Marekani, alishalisema hilo mwaka 1902. Akili hiyo hiyo inayosikia nafsi kichakani ndiyo inayokujulisha, kwa sauti tu ya simu, kwamba mama yako ana huzuni, na huzuni yake ipo. Wale wanaodai sayansi imethibitisha Mungu yupo nao wapuuze; haijafika huko.

Na huo mswala mtupu usikutishe sana. Mwaka 1996 Barrett na mwenzake Frank Keil waliwasimulia watu hadithi kuhusu Mungu. Watu wale wale waliokiri kwamba Mungu yuko popote na anasikia yote, walipoulizwa baadaye walizikumbuka kana kwamba Mungu humaliza kwanza dua ya huyu ndipo ageukie ya yule. Tunayoyakiri kwa ulimi na tunayoyahisi hayaendi pamoja kila siku. Mimi mwenyewe nikiomba mvua huwa natazama juu, kama vile chini Hayupo.

Lakini barua yako yote ni ubongo, baba kapata mstari mmoja. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande, watu wa Afrika ya Kati, anaeleza ghala la nafaka linaloangukia watu waliokaa kivulini chini yake. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Wewe umeambiwa presha, na presha unaielewa. Nadhani swali lako ni kwa nini yeye, na kwa nini Machi. Hilo mwalimu wako hakulijibu, wala silo alilokuwa akifundisha.

Kwa hiyo kesho mama akipiga usimpe mhadhara, ubongo usubiri likizo. Mwambie, "Bado, mama. Tangu baba aondoke inaniwia vigumu." Hapo hujaongopa, na hujamtangazia kuritadi ambako wewe mwenyewe huna uhakika nako.

Halafu mwulize yeye analalaje. Mjane anayepiga simu kila alfajiri huenda hatafuti habari za swala peke yake. Akianza kulia, usijifanye chaji imekwisha.