Ukikabidhiwa nyumba ya chokaa

Wadogo zangu mnaoingia kwenye ukarabati hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, mfuko wa saruji uacheni nje ya mlango kwanza. Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Zinanyonya maji kutoka ardhini, kisha zinayatoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Ukipiga lipu ya saruji umeziba njia hiyo: maji yanapanda juu zaidi, chumvi inajikusanya kwa nyuma, udongo wa ndani unalainika na wewe huoni kitu.

Nyumba ya kwanza niliyopewa, mwenyewe alitaka kuta nyororo upesi, nami nikapiga saruji. Misimu miwili ya mvua baadaye, ukigonga ukuta kwa kifundo cha kidole unasikia mlio wa debe tupu. Tulipobandua, lipu ilitoka mapande mapana kama sinia. Nyuma yake unga mweupe wa chumvi, na udongo uliolowa unachoteka kwa mkono. Nilimwomba radhi mzee wa watu na kazi nikairudia. Tangu hapo nagonga kila ukuta, toka chini hadi juu, kabla sijashika mwiko.

Boriti nazo zina lao. Vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa mti wa mkoko, mita tatu hivi. Mteja anayetaka mgahawa atakwambia, "Fundi, toa ukuta huu." Mpandishe juu umwoneshe boriti zinapolalia, halafu mkubaliane kutoboa mlango tu, ukuta ubaki. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 pale Forodhani, lilianguka sehemu Desemba 25, 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Mimi kila nikipita Forodhani nawakumbuka. Ukiona ufa mpya, toa watu wote kwanza, maswali baadaye.

Choo cha juu kikae juu ya choo cha chini, na bomba lipite nje ya ukuta mahali linapoonekana. Likivuja ndani, ncha za boriti ndizo zinazooza kwanza.

Mawe mnayobomoa msiyatupe. Yasafisheni myajengee tena. Na chokaa ilowekwe wiki kadhaa kabla ya kazi, kwenye shimo au pipa, maji yaifunike muda wote.