Kinanda kimeshuka sauti, na samaki mwenye "ogani" ya umeme

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa kwaya, Tabata. Kanisa letu limepewa Hammond C-3, kinanda cha umeme cha zamani kutoka Marekani. Tumenunua transfoma Kariakoo ya kushusha volti 230 hadi 110. Kinawaka na kulia vizuri, ila nikibonyeza G inatoka karibu na E. Tumeambiwa kimezeeka. Pia mwanangu wa sekondari amesoma kwa Kiingereza kuwa kuna samaki wenye ogani ya umeme, neno lile lile la kinanda chetu. Kuna uhusiano?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kinanda chako hakijazeeka, na tafadhali usikubali mtu akifungue "kukitune".

Ndani ya C-3 kuna magurudumu madogo 91 ya chuma yenye meno pembeni. Kila moja huzunguka mbele ya sumaku iliyovikwa koili, yaani waya uliozungushwa. Jino likipita, umeme kidogo hupanda na kushuka ndani ya koili, na yakipita meno 440 kwa sekunde moja unasikia A. Kwa hiyo sauti yote inategemea mwendo wa magurudumu, na mota inayoyazungusha haifuati volti, inafuata hezi za umeme wa ukutani, yaani mara ngapi umeme huo hupanda na kushuka kwa sekunde. Laurens Hammond alikuwa mtu wa saa za umeme kabla ya kutoa kinanda chake mwaka 1935, na mota hii imetoka kwenye akili hiyo hiyo ya saa.

Umeme wa Marekani ni hezi 60, wetu ni 50. Transfoma imeshusha volti tu, hezi zimebaki 50, basi kila kitu kinakwenda sehemu tano kwa sita ya mwendo wake. A ya 440 inatoka kama 367. Ni nusu-toni tatu na kipande, na hicho kipande ndicho kinachowatesa: hata ukihamisha ufunguo, hamtalingana na gitaa wala kinanda kingine.

Dawa yake ni kibadilisha masafa, kifaa kinachopokea hezi 50 na kutoa volti 117 kwa hezi 60. Sisitiza kiwe cha wimbi laini ("pure sine wave"). Lishia kinanda kizima, si mota peke yake, maana transfoma ya ndani nayo ilitengenezwa kwa hezi 60 na kwa 50 hupata joto zaidi. Kuna atakayekushauri kuongeza mwendo wa jenereta hadi ifike 60. Usifanye hivyo, utahatarisha mixer na feni za kanisa. Na siku umeme ukikatika mkapiga kwa jenereta inayolegea, jueni kinanda kitalegea nayo.

Sasa swali la kijana, ambalo limenifurahisha sana. Kiingereza kimerithi neno la Kigiriki lenye maana ya chombo cha kazi, kikalitumia kwa kiungo cha mwili na kwa kinanda pia. Sisi tuna maneno mawili. Hata Volta, mwanasayansi wa Italia, alipotangaza betri yake mwaka 1800 aliiita kiungo bandia cha umeme, akimfikiria taa, yule samaki bapa, wa aina inayopiga shoti.

Lakini uhusiano upo, na ni huu huu wa volti na hezi. Mkunga wa umeme wa Amazon ana maelfu ya seli tambarare zilizopangwa kama betri za tochi, kila moja ikitoa sehemu ndogo ya volti. Mwaka 2019 walitangaza mmoja aliyepimwa volti 860. Huyo ana volti. Wapo wengine wenye umeme dhaifu, usioua hata dagaa, lakini wanaushikilia bila kukatika kama noti ya kinanda. Mwaka 1951 mwanasayansi Hans Lissmann alieleza hivyo kuhusu samaki aitwaye Gymnarchus wa mto Nile, ambaye hupiga takriban mara 300 kwa sekunde, akiutumia kuhisi vitu gizani. Mapigo yake yanaamriwa na kundi la seli katika sehemu ya nyuma ya ubongo. Saa yake iko kichwani mwake. Ya Hammond iko kwenye mitambo ya kufua umeme. Kuna na Eigenmannia wa Amerika Kusini: wawili wakikutana na noti zinazokaribiana, kila mmoja husogeza yake mbali na ya mwenzake ili wasivurugane.

Kwetu yupo domodomo. Yeye hashikilii noti, hupiga mpigo mmoja mmoja. Mkimpata mzima, muwekeni kwenye beseni la plastiki, mzamishe nyaya mbili zilizounganishwa kwenye amplifaya ndogo ya betri (ya betri, si ya ukutani), kisha mtulie. Mtasikia tik, tik-tik, tik.